Mbuzi Asiyeugua

Mtoto wa mbuzi alikufa siku ambayo shuka za wodi nzima zilikuwa zinanisubiri kazini, na kabla sijamaliza kumfukia nikaambiwa ni mbuzi wangu waliomuua.

Nilikuwa nyuma ya banda na jembe. Mama mkwe wangu alisimama mlangoni mwa banda, mikono kiunoni, akitazama shimo kana kwamba nimelichimba vibaya.

"Mwingine tena," akasema. "Kabla hivyo vibete vyako havijaingia hapa, tulikuwa tunazika?"

Udongo ulikuwa mgumu na muda wa kazi ulikuwa umefika. Nilimfunika yule mtoto, nikapiga jembe mara mbili juu ya udongo ili mbwa wasimfukue, nikaenda kunawa.

Niwaeleze mambo yalivyokuwa. Bandani mwetu kulikuwa na mbuzi wa aina mbili. Wa Mama mkwe walikuwa wale weupe warefu wa maziwa, masikio yameanguka mashavuni, mwendo wa taratibu kama wageni waalikwa. Watu walipita barabarani wakasimama kuwatazama. Wangu walikuwa wale wafupi wa siku zote, wenye madoa ya kahawia na meusi, masikio wima, tumbo pipa. Walikuwa wa marehemu mama yangu. Tulipomaliza kumzika, kaka yangu aliniambia yeye hana pa kuwaweka, nikawaswaga kwa mguu mpaka kwa mume wangu. Mama mkwe alitoka nje, akawaangalia, akauliza, "Hawa ni mbuzi au panya?" Nyumba nzima ikacheka. Na mimi nikacheka, maana ningefanyaje? Lakini katika nyumba ile, hao ndio waliokuwa kitu changu pekee. Vitanda vya mume, sufuria za Mama mkwe, hata jembe nililozikia lilikuwa la baba mkwe.

Watoto wa mbuzi walianza kufa mvua za mwaka huohuo. Kwanza mtoto anabaki nyuma ya wenzake, manyoya yamesimama. Kisha anavimba chini ya taya, uvimbe laini, ukiubonyeza unacheza kama maji ndani ya mfuko. Minyoo hiyo. Inakaa tumboni inafyonza damu mpaka mnyama anaishiwa. Bwana mifugo alitufundisha kupima kwa jicho: unamshika mbuzi, unavuta kope ya chini, unatazama ndani. Pakiwa pekundu, damu ipo. Pakiwa peupe, mpe dawa haraka. Na akatuonya, mwenye jicho jekundu msimpe dawa, mtaizoesha minyoo hiyo dawa kisha siku ya shida isifanye kazi.

Tulimtii kama watoto wa shule. Kila wiki Mama mkwe alikaa kwenye kigoda chake, mimi nikawabana mbuzi mmoja mmoja katikati ya magoti, yeye akavuta kope na kutoa hukumu. "Mwekundu. Mwekundu. Huyu mpe. Mwekundu." Kazi ya kubana ni yangu na kazi ya hukumu ni yake. Mgongo wangu ulikuwa na maoni yake juu ya mgawanyo huo lakini haukuulizwa.

Wa kwanza siku zote alikuwa Bi Harusi. Huyu alifiwa na mama yake siku aliyozaliwa, na Mama mkwe akamlea kwa chupa chumbani mwake, amelala juu ya sweta kuukuu. Alikua akawa mbuzi wa ajabu, mweupe pe, kiwele kimejaa, anaoga jua kama mwenye nyumba. Maziwa tuliyokunywa yalikuwa yake. Jicho lake lilikuwa jekundu wiki nenda wiki rudi, na Mama alimbusu kwenye paji la uso na kumwambia, "Nyanya tupu, mwanangu!" Tangu aache chupa, Bi Harusi hakuwahi kuonja dawa ya minyoo. Kwa nini umtibu mzima? Malishoni alitangulia yeye, na watoto wote walimfuata nyuma, wakila palepale alipokula.

Basi mimi nilikuwa naamka nakamua, natoka kwenda zahanati. Nilikuwa dobi pale. Shuka za wagonjwa, mapazia, makoti ya wauguzi, ndoo baada ya ndoo, maji ya moto na sabuni mpaka vidole vinachanika. Alasiri narudi, nachota maji, nafagia banda, napika. Wageni wakija, Mama mkwe alinisifu mbele yao. "Mke wa mwanangu ni chuma. Sijawahi kumwona amelala mchana." Zamani sifa hiyo ilinipa kichwa. Siku hizi nikiisikia natafuta tu pa kukaa, na sipapati.

Jioni ya siku ile niliyomzika mtoto wa mbuzi, mume wangu alirudi kutoka karakana anakochomelea mageti, akala, akanawa, akakohoa kikohozi cha mtu mwenye ujumbe wa watu.

"Mama anasema siku ya soko mchuuzi atapita," akasema. "Awachukue wale wafupi. Anasema wametuletea minyoo."

"Na wewe unasemaje?"

"Tutaona."

Mume wangu akisema tutaona, ujue wenzake wameshaona. Si mtu mbaya. Ni mtu wa kupisha, na ukiishi na mtu wa kupisha, kila kitu kinakupitia wewe. Nilitaka kupiga kelele usiku ule. Nilitaka kumwambia ni mbuzi wa mama yangu hao, si takataka. Lakini hata hasira inataka nguvu, na mimi nguvu yangu nilikuwa nimeiacha kwenye karai. Nikaosha vyombo.

Kesho yake nilipotoka kufua nilipitia ofisi ya mifugo, mtaa wa pili kutoka zahanati. Kuna maabara ndogo pale, na mwanamke anayepima mavi ya wanyama. Nilimkuta amevua viatu chini ya meza, anapiga miayo. Nikamwambia shida yangu.

"Niletee mavi mabichi," akasema. "Ya wanaougua na ya hao wanaosingiziwa. Nikihesabu mayai ya minyoo tutajua nani anamchafua nani. Usiyaokote chini, chukua kwa mbuzi mwenyewe."

Nikarudi nikamwambia Mama mkwe, nimesimama, maana ningekaa nisingesema.

"Mama, nitawapima mbuzi wangu. Wakikutwa na minyoo kuliko wako, mchuuzi awachukue, na mimi sitafungua mdomo."

Nadhani hakuwa amezoea kusikia kutoka kwangu sentensi ndefu namna ile. Kisha akatabasamu.

"Sawa. Lakini mpime na Bi Harusi. Huyo mpimaji naye aone mbuzi safi anavyokuwa."

Na kazi ya Bi Harusi aliifanya mwenyewe, asije mtu akafanya ujanja. Alivaa mfuko wa nailoni mkononi, akamwomba mbuzi radhi kwa sauti ya kubembeleza mtoto mchanga, akachukua alichohitaji. Mfuko wa Bi Harusi aliufunga kwa uzi mweupe mpya wa kushonea. Mifuko ya wafupi niliifunga mwenyewe kwa vipande vya nailoni. Ya wale weupe wagonjwa ikafungwa kwa chochote kilichopatikana. Asubuhi nilibeba yote kwenye kikapu pamoja na chakula changu cha mchana, na sikuona ajabu yoyote mpaka muuguzi mmoja alipochungulia akanikimbia.

Mpimaji aliyaponda mavi kwenye kikombe, akamimina maji ya chumvi, akachuja. Aliniambia mayai huelea kwenye chumvi na uchafu huzama. Akajaza kioo kidogo chenye mistari, akangoja, akainama kwenye darubini, na mkono wake wa kushoto ukawa unabonyeza kitu cha kuhesabia, tik, tik.

Kwa wafupi wangu ulibonyeza kwa uvivu. Akanisogezea darubini nitazame. Niliona makapi, mapovu ya hewa, na kwa mbali kitu kama punje ya mchele yenye giza katikati. "Hilo ndilo yai," akasema. "Limejikalia peke yake." Mmoja wa wafupi wangu, yule mwenye pembe iliyovunjika, alikuwa nayo mengi kidogo. Mpimaji akacheka. "Kila ukoo una mzembe wake." Wale weupe wagonjwa walikuwa nayo mengi, kama tulivyotarajia.

Kisha akafungua mfuko wenye uzi mweupe. Akaweka kioo, akainama. Mkono ukaanza kubonyeza mbiombio, halafu ukaacha. Aliinua kichwa, na miayo yote ilikuwa imemtoka.

"Huyu ndiye aliye hoi?"

"Huyo ndiye mzima."

"Amekonda?"

"Amenona."

"Jicho lake?"

"Jekundu. Linasifiwa."

"Anachungwa pamoja na watoto wa mbuzi?"

"Anawaongoza."

Akasukuma kiti nyuma, akanipisha. Niliinama. Hapakuwa na haja ya kutafuta. Mayai yalijaa kioo kizima, yamebanana, moja juu ya jingine, huwezi kuona nafasi ya kitu kingine.

"Sikiliza, mama," mpimaji akasema, na sasa alikuwa amevaa viatu. "Hawa wafupi, wengi wao, mwili unaikataa minyoo. Inaingia, inapigwa vita, inayobaki haitagi sana. Wale weupe, wengi wao, mwili haujui vita hiyo. Minyoo inawamaliza, mnawazika. Sasa huyu mweupe wako ni wa aina yake. Haikatai minyoo, na haimwangushi. Anaibeba. Inamfyonza, naye anakula anaongeza damu nyingine, inamfyonza tena. Ukimtazama unasema mzima. Lakini kila anapopita anamwaga mayai, yanaanguliwa kwenye majani, na watoto wanaomfuata wanayala na umande. Watoto wenu wanauawa na huyu."

"Na sisi hatujampa dawa hata siku moja."

"Mngempaje? Mlikuwa mnatazama jicho. Jicho linaonyesha nani ameshindwa. Halionyeshi nani amebeba."

Nikamuuliza kama Bi Harusi atakufa. Akasema labda siku moja, ghafla, akipata mimba ya mapacha au ukame wa majani. Labda aishi aone wote wakizikwa. Akanipa dawa na maelekezo: apewe dawa, atengwe, asikanyage malisho. Akatiwe majani mbali, mahali mbuzi hawafiki, apelekewe bandani asubuhi na jioni. Na baadaye, kama tuna akili, tumpandishe dume mfupi kwa hao majike weupe tuone watoto watafuata damu ya nani.

Nilitoka nikakaa kwenye ngazi ya ofisi. Nilikuwa nimeshinda. Nilijaribu kufurahi, kwa kweli nilijaribu, nikamfikiria mama yangu na panya wake. Lakini kitu pekee kilichonijia kichwani kilikuwa majani. Asubuhi na jioni, mbali, mahali mbuzi hawafiki. Nilijua mkono utakaoshika mundu ni wa nani.

Mama mkwe alikuwa anachambua maharage niliporudi. Nilimweleza kila kitu polepole, bila kupaza sauti, bila kumsuta. Hakuacha kuchambua.

"Mmebadilisha mifuko," akasema.

"Mama, uzi ulikuwa wako."

"Basi huyo mpimaji hajui kazi."

Kesho yake alichukua mavi mengine, akavaa nguo yake ya kutokea, akaenda mwenyewe. Alirudi alasiri, viatu ameshika mkononi, akapita moja kwa moja bandani. Nilimsikia akizungumza na Bi Harusi kwa muda mrefu, na sauti ilikuwa ya mtu anayeuliza, si ya kubembeleza. Alipotoka aliniambia neno moja tu: "Nimeona." Nikamwonea huruma. Sikutaka kumwonea huruma, lakini ilikuja yenyewe.

Siku ya soko mchuuzi alifika na kamba zake. Kabla sijatoka jikoni, Mama mkwe alimjibu akiwa dirishani.

"Hapa hakuna mbuzi wa kuuza. Nani alikwambia?"

"Si wewe mwenyewe, mama?"

"Umri umekuziba masikio, baba. Nenda salama."

Hakuniomba msamaha, na mimi sikuungoja. Wafupi wangu walibaki. Jioni ile niliwapa maganda ya viazi nikawatazama wakigombana, na kwa dakika chache nilikuwa na furaha, furaha ya kweli kabisa.

Kisha yakaanza majani. Bi Harusi alifungiwa kwenye kizimba chake peke yake, na hakuelewa amekosa nini. Alilia mchana kutwa. Nilikuwa nikitoka zahanati napita ng'ambo ya barabara kuu kwenye uwanja wa mawe, nakata, nafunga mzigo, nabeba kichwani. Asubuhi naamka mapema zaidi, nakata tena. Watoto waliobaki bandani walianza kuchangamka, ni kweli, manyoya yakalala. Mume wangu alisema, "Ona sasa, mambo yamekaa sawa." Mama mkwe akaongeza mbele ya jirani, "Nilikwambia huyu ni chuma."

Alasiri moja nilirudi na vidole vimepasuka. Wodi ya watoto ilikuwa imetapika yote, na tulifua tangu asubuhi. Nilifika uani, Bi Harusi akanisikia, akaanza kulia. Mama mkwe alikuwa kwenye mkeka kivulini, miguu ameinyoosha.

"Hajala tangu asubuhi," akasema. "Mundu uko hapo ukutani."

Nikauangalia mundu. Nikaiona njia yote, barabara kuu, mawe, mzigo, shingo yangu. Nilikaa chini, si kwenye mkeka, chini kwenye vumbi, na kikapu mkononi.

"Leo siendi, Mama."

"Unaumwa?"

"Siumwi."

"Mwanangu amekuudhi?"

"Hapana. Nimechoka."

Neno hilo lilikuwa jipya kati yetu, kama mtu asiyejulikana aliyepiga hodi. Aliniangalia uso, akaangalia mikono, akarudi usoni, jinsi asivyowahi kuniangalia tangu niingie nyumba ile. Bi Harusi alikuwa analia, sauti imeanza kukauka.

"Umechoka tangu lini?" akauliza.

Hakuuliza kwa kejeli. Alitaka kujua. Na mimi nikafungua mdomo nimwambie tangu yaanze haya majani, maana ndilo jibu jepesi, lakini kilichotoka si hicho.

"Tangu nimzike mama yangu."

Nikaanza kulia. Nililia vibaya, kwa sauti, kamasi na vumbi, kilio ambacho nadhani kilikuwa kimenisubiri muda wote huo. Mama mkwe alivuta miguu yake. Alijisogeza pembeni mwa mkeka, akapigapiga ile nafasi kwa kiganja, nikajikokota nikakaa hapo.

"Lakini hukulia," akasema, taratibu, kama anajihoji mwenyewe. "Siku ile uliporudi na mbuzi. Mimi nilikutazama. Uliwafunga, ukaingia jikoni."

"Mlikuwa hamjala," nikamwambia.

Alishika tama, akatazama uani. Tulikaa hivyo mpaka mume wangu akaingia getini na baiskeli yake, akatukuta wawili tumekaa mkeka mmoja, jiko halina moto, mbuzi analia. Alituangalia kwa zamu, akaegemeza baiskeli.

"Kwani nani anakata majani leo?"

"Wewe," mama yake akamwambia. "Na ukirudi, upike."